Mtu Mmoja na Ala Moja: Somo la Kusikiliza

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Mahali palipopigwa muziki pametiwa alama. Mwalimu wa darasa aweza kusimamisha usomaji hapo, akawapigia wanafunzi muziki wa ilimba alio nao, hata kama ni katika simu, kisha akaendelea.)

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani Mwanza mjini, na ninyi wa Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Nawasalimu kadhalika wenzetu wa Bukoba na Musoma, ambao maji ya ziwa moja yanatuunganisha nao. Kalamu zenu wekeni chini kwanza. Somo la leo halitaki kalamu, lataka masikio.

Juma lililopita, somo la afya lilipokwisha, tuliwapigieni muziki kidogo kujaza wakati uliobaki. Ulikuwa muziki wa mtu mmoja apigaye ilimba peke yake. Siku ya pili yake nilitembelea darasa moja la Kirumba. Mama mmoja, ambaye kazi yake ni kuuza dagaa pale mwaloni, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, yule mtu wa jana alikuwa akitafuta njia, au alikuwa amepotea?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana mama yule alikuwa amesikia jambo la kweli. Mpigaji yule hakwenda moja kwa moja kama mtu aimbaye wimbo wa shule. Alianza, akarudi nyuma, akasimama kidogo, akajaribu njia nyingine. Nilimwambia, "Mama, swali lako ni kubwa. Nitakujibu redioni, ili na wengine wafaidike." Basi leo nimekuja kutimiza ahadi.

MUZIKI WA WENGI NA MUZIKI WA MMOJA

Sisi wa kandokando ya ziwa tumezoea muziki wa watu wengi. Mwezi wa Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, watu huenda Bujora, karibu na Kisesa, kuwatazama Wagika na Wagalu wakishindana kwa ngoma. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Jumapili kanisani tunasikia kwaya. Kwenye arusi tunasikia bendi yenye magitaa, ngoma na tarumbeta.

Katika muziki wa wengi, kila mtu ana kazi yake. Huyu hupiga mapigo, yule huimba, mwingine hupamba. Mmoja akichoka, wenzake humbeba. Ni kama mtumbwi wenye wapiga kasia sita: mmoja akiacha kupiga kasia ajifute jasho, mtumbwi unaendelea.

Lakini mtu anayepiga ala peke yake ni kama mvuvi aliye peke yake mtumbwini. Yeye ndiye anayepiga kasia, yeye ndiye anayetupa wavu, na yeye ndiye anayetazama mawingu. Akiacha mkono, kazi yote inasimama. Hana wa kumficha akikosea. Kwa sababu hiyo muziki wa mtu mmoja hutaka msikilizaji wa namna nyingine. Hauji kukuvuta uinuke ucheze. Wakungoja uusogelee.

ILIMBA NI KITU GANI?

Wengi wenu mmeiona ilimba, au mmesikia ikiitwa kwa majina mengine. Ni sanduku la mbao, tupu ndani. Juu ya sanduku hupangwa ndimi za chuma, zimebanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Mpigaji hushika sanduku kwa mikono miwili, akazibonyeza ndimi zile kwa vidole gumba na kuziachia. Ulimi mrefu hutoa sauti nene. Ulimi mfupi hutoa sauti nyembamba. Akitaka kurekebisha sauti, husukuma ulimi ndani kidogo au huuvuta nje, ukafupika au ukarefuka.

Wenye ilimba mashuhuri katika nchi yetu ni Wagogo wa Dodoma. Ilimba yao ina mambo mawili ya ajabu, nami nataka uyajue kabla hujasikiliza.

La kwanza ni utando. Kwenye tundu la sanduku mafundi hubandika utando mwembamba wa buibui. Ulimi ukipigwa, utando hutetemeka na kuvuma. Mgeni akisikia uvumi ule hudhani redio yake ni mbovu. Siyo mbovu. Uvumi ule umetakiwa, kama vile chumvi inavyotakiwa katika samaki.

La pili ni ndimi zisizopigwa. Ndiyo, katika ilimba ya Wagogo zimo ndimi ambazo kidole hakizigusi kabisa. Zimepangwa pale ili ndimi nyingine zikipigwa, hizi nazo zitetemeke zenyewe na kuitikia. Utaniuliza, kitu kisichoguswa kitaitikaje? Fikiri lori zito linapopita barabarani karibu na nyumba yako, vikombe vikalia kabatini ingawa hakuna aliyevigusa. Mambo ni hayo hayo.

Hapa tutafanya jaribio dogo nyumbani. Chukua uzi wa mshipi wa kuvulia, uufunge kwenye misumari miwili juu ya ubao, uukaze sana. Upige kwa kidole, usikie sauti yake. Kisha gusa uzi katikati kabisa, polepole, bila kuukandamiza, na mkono wa pili uupige tena. Utasikia sauti nyingine, nyembamba zaidi, kama mtoto aliyekuwa amejificha ndani ya sauti ya mama yake. Ukigusa mahali pa theluthi ya uzi, atatoka mtoto mwingine, mwembamba kuliko yule wa kwanza. Kila sauti inao watoto wake ndani.

Mzee wa Kisukuma anayepiga ndono, ule upinde wenye kibuyu, anawajua watoto hao bila kusomeshwa na mtu. Anapokisogeza kibuyu kifuani na kukiondoa, huwaita wajitokeze. Na mtaalamu wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, ambaye alizunguka sana Afrika kujifunza muziki, aliandika kwamba Wagogo wameijenga ngazi yao ya sauti kwa sauti hizo hizo za ndani. Ndiyo maana ilimba yao husikika tofauti na kinanda cha kanisani. Haikukosewa kutengenezwa. Ina kanuni nyingine.

(Hapa ilimba ilisikika kwa dakika moja.)

MTU MWENYEWE: HUKWE ZAWOSE

Sasa tumjue mtu. Mpiga ilimba aliyejulikana zaidi ulimwenguni kutoka Tanzania ni marehemu Hukwe Ubi Zawose. Alikuwa Mgogo wa sehemu za Dodoma, alizaliwa karibu na mwaka 1940. Baada ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere, Rais wetu wa kwanza, alimwalika kuja kuishi na kufanya kazi ya muziki Dar es Salaam. Baadaye alihamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, akawa mwalimu wa wengine. Alipiga ilimba, alipiga zeze, na aliimba. Sauti yake iliweza kunguruma chini kama ya mzee na kupanda juu kama ya mtoto, katika wimbo mmoja.

Mara nyingine alipiga pamoja na jamaa zake, mathalani Charles Zawose, mtoto wa ndugu yake. Mara nyingine alibaki yeye, ilimba yake na sauti yake, basi. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa sahani yake iitwayo Chibite. Miaka michache baadaye alirekodi nyingine iitwayo Assembly, pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, ambaye hutumia mitambo ya umeme kuzigeuza sauti.

Nimesema somo la leo ni juu ya mpigaji aliye mthubutu. Uthubutu wa Zawose ulikuwa wapi? Haukuwa katika kuacha mambo ya kwao. Aliyachukua yote, kisha akayasukuma mbele. Alipiga ilimba kubwa kuliko zile za kawaida, zenye ndimi nyingi zaidi. Alikubali kukaa na mgeni mwenye mitambo, bila kuitupa ilimba yake na bila kuificha. Mtu mwoga angefanya moja kati ya mawili: ama angekataa kila kigeni, ama angeacha cha kwao akaiga. Yeye hakufanya hili wala lile.

Alifariki Bagamoyo mwezi wa Desemba, mwaka 2003. Lakini vidole vyake bado tunavisikia. Tuliposikia ilimba punde hivi, je, ulikumbuka kwamba mtu huweza kufa na mapigo yake yakaendelea? Neno hili liweke moyoni. Tutalirudia.

KUSIKILIZA MARA TATU

Ulipoanza kujifunza kusoma, siku ya kwanza uliona michoro tu. Siku nyingine ukazitambua herufi. Siku nyingine ukasoma neno. Na siku moja ukasoma barua ya mwanao aliye mbali, ukasahau kabisa kwamba unasoma, ukawa unamsikia yeye. Kusikiliza nako ni kusoma, ila kwa masikio. Basi muziki wa mtu mmoja usiuhukumu kwa mara moja. Usikilize mara tatu, kila mara kwa kazi yake.

Mara ya kwanza, tafuta nyumba. Karibu kila mpigaji wa peke yake ana mapigo machache anayoyarudia chini chini. Katika ilimba huenda ni ndimi nene mbili au tatu, zinakwenda na kurudi kama mwendo wa kasia. Usishughulike na mapambo ya juu. Shika mapigo yale ya chini tu, uyapige kwa kidole juu ya goti lako. Hapo ndipo nyumbani kwake.

Mara ya pili, fuata safari. Sasa acha mapigo ya chini yaendelee yenyewe, usikilize kinachobadilika juu. Mpigaji atasema neno fupi la muziki. Halafu atalisema tena, lakini atabadili mwisho wake. Kisha atalikata nusu. Kisha atalisema polepole. Jambo hili twaliita kutunga papo hapo. Wewe mama wa Kirumba unalijua sana. Asubuhi unanadi dagaa wako. Neno ni moja, yaani dagaa na bei yake. Lakini mteja akipita mbali unaliita kwa sauti ndefu, akikaribia unalifupisha, akisita unaongeza utani, akitaka kuondoka unaligeuza kuwa la kubembeleza. Hukuyaandika maneno yale jana usiku. Unayatunga huku ukimtazama mtu usoni. Mpiga ilimba hufanya vivyo hivyo, ila mteja wake ni sikio lako.

Mara ya tatu, sikiliza ukimya. Sikiliza mahali ambapo hakupiga. Sikiliza pumzi yake kabla ya kuimba. Sikiliza ule uvumi wa utando unavyofifia baada ya ulimi kunyamaza. Kazi hii ni ngumu kuliko zile mbili, na watu wengi hawaifanyi. Lakini katika muziki wa mmoja, ukimya ni nusu ya maneno.

Sasa, mama, naweza kukujibu. Mtu aliyepotea hajui kwake ni wapi. Anayetafuta njia anajua kwake ni wapi, ndiyo sababu anathubutu kwenda mbali. Yule mpigaji alipokwenda huko na huko, kila mara alirudi kwenye yale mapigo ya chini. Usiniamini mimi. Sikiliza, uhesabu amerudi mara ngapi.

Tena nitakwambia jambo lisilosemwa mara nyingi. Mara nyingine mpigaji hupotea kweli. Kidole huteleza kikagusa ulimi asioutaka. Mwoga angesimama. Mthubutu hugusa ulimi ule ule mara ya pili kwa makusudi, na mara ya tatu, mpaka lile kosa linakuwa sehemu ya wimbo. Ukisikia jambo la ajabu limetokea mara moja, ngoja kidogo. Huenda likarudi limevaa nguo nyingine.

(Hapa ilimba ilisikika tena kwa dakika mbili.)

PIANO MBOVU YA MJI WA KÖLN

Ni vizuri tuone kwamba jambo hili si la Wagogo peke yao. Wazungu wengine huiita ilimba piano ya vidole gumba. Basi tuitazame piano yenyewe.

Piano ni kinanda kikubwa chenye vibao 88, vyeupe na vyeusi. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo ndani ya sanduku huruka ikagonga uzi wa chuma. Kwa hiyo piano nayo ina nyuzi, na kila uzi una wale watoto wake wa ndani.

Marekani, tangu mwanzo wa karne ya 20, watu weusi walitengeneza muziki uitwao jazi. Hapa kwetu bendi nyingi za dansi zilijipa jina hilo, kama Tabora Jazz na Morogoro Jazz, ingawa muziki wao ulikuwa na njia yake. Katika jazi ya Marekani jambo lililo kubwa ni kutunga papo hapo. Wako wapiga piano wa jazi ambao huketi peke yao mbele ya watu, bila bendi na bila karatasi, wakaanza.

Mmoja wao ni Mmarekani Keith Jarrett. Tarehe 24 Januari 1975 alialikwa kupiga piano katika mji wa Köln, Ujerumani. Aliyetayarisha mkutano ule alikuwa binti wa miaka 18, jina lake Vera Brandes. Jarrett alikuwa ametaka piano kubwa nzuri. Wafanya kazi wa ukumbi walileta nyingine, ndogo, mbovu. Vibao vyake vya juu vilitoa sauti kama ya bati. Sauti nene za chini zilikuwa dhaifu. Jarrett mwenyewe alikuwa amechoka na mgongo wake unamuuma. Alikataa kupiga. Binti yule alimsihi sana, kwani tiketi zilikuwa zimekwisha kuuzwa na watu zaidi ya elfu moja walikuwa wanakuja.

Usiku, karibu saa tano na nusu, Jarrett aliketi akaanza. Alifanya nini na piano ile mbovu? Alifanya kama mvuvi mwenye wavu uliochanika, ambaye hutupa sehemu iliyo nzima. Vibao vya juu vilivyolia kama bati aliviepuka, akakaa sana katikati. Kwa kuwa sauti nene hazikuwa na nguvu, mkono wake wa kushoto uliyarudia mapigo yale yale, tena na tena, mpaka yakajaza ukumbi. Unaona? Ni zile ndimi nene za ilimba. Ni nyumbani. Na mkono wa kulia ukasafiri.

Alipiga zaidi ya saa moja, bila kitu alichokiandika kabla. Mafundi walikuwa wamekwisha kuweka mitambo ya kurekodi, wakarekodi. Sahani ile imeuzwa mamilioni duniani, na inahesabiwa miongoni mwa sahani za piano ya mtu mmoja zilizopendwa kuliko zote.

Mwaka 2018 Jarrett alipatwa na kiharusi mara mbili. Mkono wake wa kushoto ulipooza. Mkono ule uliofanya kazi usiku mzima kule Köln hauwezi tena kupiga kama ulivyopiga. Hata yeye mwenyewe akitaka kuusikia mkono wake wa kushoto wa siku zile, itampasa kusikiliza sahani, kama wewe na mimi.

MZEE WA UKEREWE

Sasa niwaambieni kwa nini nimelichagua somo hili, kwani si kwa sababu ya swali la mama peke yake.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilitumwa Ukerewe kufungua darasa la kisomo. Nilishuka Nansio, nikaenda mpaka kijiji kimoja karibu na maji. Jioni, baada ya mkutano, nilimkuta mzee mmoja ameketi nje ya nyumba yake anapiga enanga. Enanga mnaijua, hasa ninyi wa Bukoba: ni ubao uliochongwa kama hori, umetandazwa uzi kwenda na kurudi, na mpigaji huimba habari ndefu za mashujaa na za watawala wa zamani.

Mzee yule alipiga peke yake. Watoto walicheza karibu naye bila kumjali. Mimi nilisimama kama dakika tano. Mkobani nilikuwa na kinasa sauti cha ofisi, kilichokuwa na nafasi ya kutosha. Lakini giza lilikuwa linaingia na nilikuwa na njaa. Nikamwambia, "Shikamoo, babu. Unapiga vizuri sana. Nitarudi siku nyingine nikurekodi."

Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Enanga haina haraka. Lakini mimi je?" Kisha akacheka.

Nilicheka pamoja naye, nikaenda kula. Nilirudi baada ya masika. Nyumbani kwake niliwakuta watu wa matanga. Mjukuu wake wa kiume alinionyesha enanga imetundikwa ukutani, uzi umelegea. Nilimwuliza, "Ndugu yangu, nani anajua kuikaza?" Alisema, "Mwalimu, hakuna. Sisi tulikuwa tukimsikia kila siku. Hatukudhani kwamba ni kitu cha kujifunza."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mimi niliyesoma hadi chuo kikuu nilikuwa nimetenda kosa lile lile. Tulimsikia, hatukumsikiliza. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kazi ya mtu.

Hebu wapangeni watu watatu. Hukwe Zawose amefariki, lakini wanawe na wajukuu wake wana mahali pa kumrudia. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanapiga na kuimba muziki wa Kigogo, na mwaka 2024 walitoa sahani yao iitwayo Maisha. Keith Jarrett mkono wake umepooza, lakini usiku wa Köln upo. Mzee wa Ukerewe hana kitu. Huenda alikuwa mthubutu kama hao wawili. Huenda katika zile dakika tano alipata njia ambayo hakuna mwingine aliyeipata. Siwezi kukuthibitishia, kwa kuwa nilikuwa nafikiri juu ya chakula.

Wako waliofanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akarekodi wapigaji wa makabila mengi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na sahani zile zimo mpaka leo. Siku hizo mtambo wa kurekodi ulikuwa mzigo mzito wa kubebwa kwa gari. Leo mtambo huo umo katika simu iliyo mfukoni mwa kijana wako.

KAZI YA NYUMBANI

Basi kazi ya juma hili ni mbili.

Kazi ya kwanza: tafuta muziki wa mtu mmoja, kama ni ilimba, enanga, ndono, zeze, gitaa au piano. Usikilize mara tatu kama tulivyosema: mara moja kwa ajili ya nyumba, mara moja kwa ajili ya safari, mara moja kwa ajili ya ukimya. Usifanye kazi nyingine wakati huo, hata kuchambua mchele.

Kazi ya pili: fikiri ni nani katika kijiji chako, au katika mtaa wako, anayepiga ala peke yake. Nenda kwake juma hili. Usimwambie utarudi. Mwamkie, kaa chini, mwombe ruhusa, na akikubali umrekodi. Akimaliza, mwulize jina lake, jina la ala, jina la wimbo na nani alimfundisha. Halafu andika majibu yote katika daftari, pamoja na tarehe. Hapo sasa kalamu yako inatakiwa. Kisomo ulichokipata kina kazi hiyo nayo: sauti bila jina huwa kama barua isiyo na anwani.

Ukikosea kuandika neno, usiache. Andika kama unavyosikia, mwalimu wako atalisahihisha. Lakini mzee akiisha kuondoka, hakuna mwalimu wa kusahihisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini ilimba ya Wagogo ina utando wa buibui, na ndimi zisizopigwa zina kazi gani?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti ya mpigaji anayetafuta njia na mpigaji aliyepotea.
3. Keith Jarrett alifanya nini ili piano mbovu imfae? Je, wewe umewahi kufanya kazi nzuri kwa chombo kibovu? Waeleze wenzako.
4. Mjukuu wa mzee wa Ukerewe alisema, "Hatukudhani kwamba ni kitu cha kujifunza." Katika kijiji chako, ni kitu gani kingine ambacho watu hukisikia au hukiona kila siku bila kujifunza?

Mama wa Kirumba, nakushukuru kwa swali lako. Juma lijalo tutarudi kwenye somo la afya, na tutazungumza juu ya maji ya kunywa. Lakini kabla ya hapo, yule mzee wa jirani ambaye umekuwa ukisema utamtembelea, mtembelee leo jioni. Kwaherini.